Mbili ya Mafundi wa Kariobangi

Kariobangi,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Mami wangu Shiku,

Niaje, mkubwa? Kaa chini kwanza, usije ukaanguka ukavunja benchi la serikali. Anayekuandikia leo ni mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Kariobangi mpaka Dandora, na Dandora nahesabu hata yule aliyeokota saa ya dhahabu kwenye takataka. Mungu alipokuwa anagawa maumivu, babako alikuwa ametoka kidogo kunywa chai. Sina. Sikupewa. Na si mimi ninayesema, ni mashine.

Unakumbuka Novemba, ulipokuwa kwa shangazi yako Mukami, madaktari walikuja kwenye vibanda vyetu vya kuchomelea vyuma wakitafuta watu wenye afya? Walikuwa wanatengeneza mashine ya kusoma maumivu ndani ya kichwa, ili mgonjwa asiyeweza kusema ajulikane anaumwa kiasi gani. Tukaenda mafundi kumi na wanne. Unavalishwa kofia ya kitambaa iliyojaa nyaya, wanakupaka kitu baridi kichwani kama bibi harusi anayetengenezwa nywele, halafu kwa skrini unaona mawimbi ya ubongo wako yakienda mbio. Kisha wanakubandika mkononi kipande cha chuma kinachopashwa moto. Moto unapanda. Kila ukipanda, daktari, mama mmoja mpole anaitwa Dk. Mirriam, anakuuliza: "Kutoka sifuri mpaka kumi, unaumwa ngapi?"

Mulama, jirani yangu wa kibanda, yule anayejisifu kwamba kwao Bungoma mwanamume hupakwa matope akasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, alisema tatu. Mimi nikasema mbili. Moto ukapanda, mbili. Ukapanda tena, nikamuuliza daktari kama stima imepotea. Mbili! Caleb, yule shemasi, alisema saba, na mpaka leo jina lake pale kazini ni Saba.

Sasa Alhamisi nimekutana na Dk. Mirriam pale hospitali, akanishika mkono mbele ya watu. "Bwana Gachanja," akasema, "mashine iko tayari, na nyinyi mafundi ndio walimu wake." Umesikia? Mimi niliyeachia darasa la saba, leo ni mwalimu wa mashine. Waambie hao wenzako ambao baba zao ni mawakili.

Soma. Usiwe na wasiwasi na kitu chochote huku. Wote wazima.

Babako mwenye bahati,
Gachanja


Shuleni, Nyandarua,
14 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Nimefurahi kupata barua yako. Mwalimu Mwanzia ndiye hugawa barua, na alinipa yako akisema bahasha inanuka moshi wa kazi. Niliwasomea wenzangu wa bweni. Pale kwa stima tulicheka mpaka matroni akaja na tochi.

Baadaye nikaisoma peke yangu, na sikucheka tena.

Ulikuwa unafanya nini hospitali siku ya Alhamisi? Wewe huachi kibanda siku ya kazi hata mvua ikiingia. Siku babu alipozikwa ulirudi kumalizia geti la mtu.

Na jambo lingine. Tangu nije shule hii, shosho, mama yako, husema neno moja mwisho wa barua yako nawe unaliandika. Hata kama ni "mwambie wajina wangu avae sweta." Safari hii nimegeuza karatasi nyuma na mbele. Hakuna neno la shosho.

Halafu umeandika "wote wazima." Baba, watu wakiwa wazima huwa huandiki hivyo. Huwa unaandika nani amegombana na nani.

Nieleze. Simu zetu ziko kabatini mwa mwalimu mkuu mpaka muhula uishe, kwa hivyo usinitumie ujumbe wa kuniambia utanipigia. Andika.

Binti yako,
Shiku


Kariobangi,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mami,

Wewe ungekuwa polisi, nusu ya Nairobi ingekuwa ndani.

Haya. Shosho alianguka tarehe ishirini na tisa Januari, pale mlangoni, akitoka kuanika nguo. Kwanza kiharusi, ndipo akaanguka. Upande wa kulia hausogei na ulimi umekufa ganzi, hasemi neno. Na alipoanguka nyonga ilivunjika. Wamempasua wakamtia chuma. Picha yake nilionyeshwa nikaikagua kama fundi: kazi safi, skrubu zimenyooka. Ningewapa watu wale kazi ya geti bila kuwasimamia.

Sikukuambia kwa sababu una mitihani, na kwa sababu nilijua ungeruka ua la shule. Usiruke. Nisikilize niendelee, maana bahati haijaisha.

Unajua ni nani aliyekuja wodini na kofia ya nyaya? Dk. Mirriam! Mashine iko kwenye majaribio kwa wagonjwa wasioweza kusema, na shosho ndiye wa pili hapa kuvalishwa. Nilisimama pale kando ya kitanda, nikaona mawimbi ya mama yangu kwenye skrini, na chini yake ikatokea namba. Mbili. Mbili, Mami! Mwenye nyonga iliyovunjika! Nikamwambia sista, "Mnaona? Damu ni moja. Huyu ndiye aliyenizaa."

Daktari wa wodi amefurahi pia. Ile sindano ya maumivu inamfanya alale mchana kutwa, na akilala sana, kifua kitajaa maji. Kwa hivyo wataanza kuipunguza, na Jumatatu tarehe kumi Machi wanaikata kabisa na kuanza kumsimamisha. Kama mashine ingesema nane wangengoja. Lakini imesema mbili.

Kwa hivyo shosho hasemi lakini anasemewa, na aliyefundisha kitu kinachomsemea ni mwanawe. Sasa niambie kama kuna mtu mwenye bahati kunishinda.

Soma.

Babako,
Gachanja


Shuleni, Nyandarua,
26 Februari 2025

Baba,

Sikuruka ua. Nililia kwenye bafu, nikanawa uso, nikaingia darasani. Sasa nimemaliza kulia, nina hasira.

Unaniita Mami kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Huwezi kuniita Mami asubuhi halafu unifiche mama jioni.

Barua yako nilimpelekea Mwalimu Mwanzia baada ya somo la Biolojia. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza, "Huyu mzee wako alisema mbili kila mara?" Nikasema ndiyo. "Hata moto ulipopanda?" Nikasema ndiyo. Akafuta ubao uliokuwa umeshafutwa.

Nitakuandikia alivyonieleza. Mashine haijui maumivu. Inaona mawimbi tu. Ili ijue wimbi hili ni la namba gani, lazima mtu aliyevaa kofia aseme mwenyewe, na mashine inamwamini. Ni kama mizani ya sokoni. Ukiitengeneza kwa jiwe la uongo, kila atakayepimiwa baadaye atapunjwa, na mizani yenyewe haitajua kwamba inaiba.

Kwa hivyo nakuuliza, Baba. Ulikuwa unasema kweli?

Maana mimi nakujua. Mwaka juzi cheche ziliingia ndani ya kiatu chako ukiwa na wateja. Uliwachekesha mpaka wakaondoka. Nilikukuta nyuma ya nyumba umetia mguu kwenye karai la maji na umeuma kola ya shati. Hukuniona. Nilirudi ndani polepole.

Na shosho namjua pia. Hata alipokuwa na ulimi hakuwahi kusema anaumwa. Lakini alikuwa anakunja pembe ya leso. Anakunja, anakunja, mpaka inakuwa ndogo kama sambusa. Siku meno yalipomsumbua, leso ilishinda imekunjwa. Mkono wake wa kushoto si unasogea? Mpelekee leso ya nyumbani, ile ya kijani. Mwekee mkononi. Keti, usiseme kitu, usimchekeshe mtu. Angalia.

Shiku


Kariobangi,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mami,

Nimepeleka leso ya kijani.

Nilikaa saa moja nzima bila kusema kitu, na waliokuwa wodini waliniuliza kama mimi ndiye mgonjwa. Mwanzo mkono wake ulilala tu. Halafu sista akaja kumgeuza upande. Uso wa shosho haukubadilika. Namba ikabaki mbili. Lakini ile pembe alianza kuikunja. Alikunja mpaka hapakuwa na cha kukunja, akashika hivyo hivyo, na kucha zikawa nyeupe.

Pengine ni mazoea. Mtu mzee ana mazoea yake.

Sawa, nitakuambia kitu kuhusu ile siku ya Novemba, lakini kibaki kati yetu. Kabla hatujaingia kwa madaktari, tuliwekeana dau. Atakayetaja namba kubwa kuliko wote anawanunulia wote chapati madondo, zile za maharagwe. Mulama ndiye alianzisha. Sasa wewe fikiria: chumba kina dirisha la kioo, wenzako kumi na watatu wamebandika pua hapo nje, wanaonyesha vidole, na aliye mbele yako ni mwanamke. Ungetaja saba? Ni Caleb tu alitaja saba, na sababu yake eti ni shemasi. Alinunua chapati za watu kumi na wanne akipiga miluzi ya nyimbo za kanisa.

Lakini usifikiri tulidanganya sana. Ilikuwa mzaha wa kazi. Madaktari ni watu wamesoma, wana njia zao za kuchuja.

Na pia sielewi unataka nifanye nini. Yule mama amehangaika na mashine ile miaka mitatu. Wageni wamekuja kuitazama, wamevaa suti kwenye joto hili. Nimwendee niseme, "Samahani, daktari, mashine yako ilifundishwa na chapati"? Na wenzangu kumi na wawili niwavue nguo sokoni?

Hata hivyo nilimwambia. Ndiyo, nilimwambia Dk. Mirriam jana kwamba labda namba zetu zilikuwa chini kidogo. Akasema mashine haikosei. Kwa hivyo tulia, mambo ni poa. Mwili unazoea. Shosho ni mtu mgumu.

Soma.

Babako,
Gachanja


Shuleni, Nyandarua,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Baba,

Barua hii nampa dereva wa lori la kabeji linaloshuka soko la Kariobangi kesho. Posta itachelewa.

Hukumwambia. Jana unayosema ilikuwa Jumapili, siku ambayo madaktari wengi hawako kazini. Na kama ungemwambia, daktari yeyote angekuuliza swali moja: "Kama haikuwa mbili, ilikuwa ngapi?" Umeniandikia kurasa mbili na hilo swali halimo, wala jibu lake.

Jumatatu watakata sindano na kumsimamisha juu ya nyonga ile. Hatalia. Watasema anaendelea vizuri. Hapa duniani kuna mtu mmoja tu anayejua kwamba mbili ile si mbili, na mtu huyo anaogopa kuchekwa na Mulama.

Sitakuandikia tena mpaka uniambie. Ilikuwa ngapi?

Shiku


Kariobangi,
Jumatano, 12 Machi 2025

Mami,

Lori la kabeji lilikufa njiani Ijumaa, likalala huko siku mbili. Barua yako niliipata Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, imelowa, inanuka mboga. Nilikuwa nimewasha mashine ya kuchomelea na geti la watu liko nusu. Niliisoma nikiwa nimesimama. Mulama akauliza, "Ni nini, Gachanja, umefiwa?" Nikamwambia bado.

Nilichukua boda boda nikiwa na aproni ya kazi. Nilipofika wodini walikuwa wameshaanza. Masista wawili wamemshika kwapa, na kijana wa mazoezi ya viungo anamshika kiuno. Kofia ya nyaya ilikuwa kichwani. Sindano ya asubuhi hakupewa. Kijana anasema, "Vizuri, shosho, vizuri sana, kidogo tu." Na uso wa mama, Mami, ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Kwenye skrini, mbili.

Nikatazama mkono wa kushoto. Ile pembe ya leso ilikuwa imekuwa kitu kidogo cha kijani kama punje ya ndengu.

Nikapiga kelele, "Mrudisheni!"

Sista akasema, "Mzee, toka nje, anaendelea vizuri. Mashine inasema mbili."

Nikamwambia, "Hiyo mbili ni yangu. Mimi ndiye niliyeiweka humo."

Walidhani nimelewa. Lakini walimlaza, kwa sababu nilikuwa nimeshika kitanda na sikuachilia. Wakamwita Dk. Mirriam. Alikuja akikimbia, miwani juu ya kichwa. Aliniuliza nini kimetokea, nikaanza kucheka. Unajua hicho kicheko changu. Nikasema, "Daktari, mambo ya wanaume, unajua tena." Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaniangalia kama wewe unavyoniangalia nikiwa nimechelewa, akasema, "Bwana Gachanja, ilikuwa ngapi?"

Swali lako lile lile, Mami. Nilidhani mmepigiana simu.

Nilitaka kusema nne. Nne ilikuwa imeshafika mdomoni. Nikageuka nikaona leso.

Basi nikamwambia yote. Dau, kioo, vidole, chapati madondo. Alisikiliza bila kuandika. Mwisho akauliza, "Wote kumi na wanne?"

"Kumi na watatu," nikasema. "Caleb alisema ukweli."

Alivua miwani akajifuta macho. Akasema polepole, "Caleb tulimtoa. Namba zake hazikufanana na za wengine wote. Tulidhani yeye ndiye ana kasoro."

Sijui kama utaelewa jinsi nilivyosikia hapo. Nimeanguka kutoka juu ya paa la kanisa mara moja, mwaka ule wa mvua kubwa, na sikusikia vile.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema kosa ni lake pia, kuwaweka wanaume wa kazi moja nyuma ya kioo kimoja wakaangaliana. Akazima skrini. Akaongea na daktari wa wodi kule koridoni, sauti chini, nikaona daktari yule akitikisa kichwa, halafu akitikisa tena kwa namna nyingine. Dakika kumi baadaye sindano ililetwa. Nilikaa. Ilipofika saa sita na nusu, chakula kikipita, leso ilianza kufunguka. Kunjo moja. Kunjo la pili. Kisha mkono ukaiachilia kabisa na leso ikaanguka sakafuni, nami nikaiokota nikajifuta nayo uso mbele ya wodi nzima, na kama kuna aliyecheka sikumsikia.

Watamsimamisha, lazima asimame, lakini pole pole na dawa ikiwepo. Mashine haitatumika kwake mpaka ifundishwe upya. Kwenye karatasi inayoning'inia miguuni pa kitanda, pale wanapoandika joto na presha, sista ameongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: TAZAMA LESO. Niliwaambia hiyo ni amri ya binti yangu.

Uliponiandikia kwamba naogopa kuchekwa na Mulama, nilikasirika kwa sababu ni kweli. Jioni ile ile niliwakusanya pale kwenye vibanda. Niliwaambia tu, "Mama yangu amesimamishwa juu ya mfupa uliovunjika kwa sababu ya chapati zetu." Hakuna aliyecheka. Mulama aliweka nyundo chini, akasema, "Mimi kwangu ilikuwa nane. Nilitoka pale nikaenda choo nikakaa huko." Kisha wengine, mmoja mmoja, wakaanza kutaja zao. Ilikuwa kama ibada ya ungamo, ila na harufu ya rangi. Caleb alikuwa kwenye kona anasaga chuma, akasema, "Jameni, nyinyi mlikula chapati yangu bure."

Jana tumerudi wote kumi na wanne. Safari hii dirisha limefunikwa kwa shuka, na kila mtu anaingia peke yake na kutokea mlango mwingine. Sijui waliyosema humo ndani. Najua tu Mulama alitoka macho mekundu na hakuna aliyemuuliza. Mchana tulimnunulia Caleb chapati madondo, akala tatu, akasema utukufu ni wa Bwana.

Sasa yangu.

Kuhusu Jumapili ile nilikudanganya. Sikumwambia daktari kitu. Nilimwona koridoni nikajificha nyuma ya mlango wa duka la dawa mpaka akapita. Samahani, Mami.

Shosho hajasema neno bado. Lakini nimeweka karatasi hii chini ya mkono wake wa kushoto nikampa kalamu. Huo mkwaruzo wa pembeni ni wake. Mimi nasoma "vaa sweta." Wewe soma utakavyo.

Na ile barua yangu ya kwanza usiwasomee wenzako tena. Mungu alipogawa maumivu sikuwa nimetoka kunywa chai. Nilikuwa kwenye foleni kama watu wote, na nikapewa fungu langu, limejaa. Moto ulipopanda mara ya mwisho, niliuma shavu kwa ndani mpaka nikameza damu, ndipo nikamwangalia yule mama nikamtolea mzaha wa stima.

Sikuwa na bahati yoyote. Niliumia, nikadanganya. Ilikuwa tisa.

Gachanja